Tairi Nene, Upepo Kidogo: Kuchagua Baiskeli ya Theluji, Mchanga na Njia za Mawe

Maji yakikupwa Jambiani, ufuo hugeuka barabara. Watu hupita na baiskeli zao za Phoenix, tairi jembamba la inchi moja na nusu, gunia la mwani limefungwa kwenye keria, na hakuna anayezama. Mchanga ulioachwa na bahari sasa hivi umeshikana kama sakafu. Mwendeshaji huyohuyo akikata kona kuelekea minazini, kule ambako mchanga ni mkavu na laini kama unga, hafiki mbali: tairi linazama, usukani unakwenda unakotaka wenyewe, anashuka, anasukuma. Baiskeli ni ileile na miguu ni ileile. Kilichobadilika ni ardhi.

Nimeanza na Jambiani kwa sababu watu wanaoniuliza kuhusu baiskeli za matairi manene karibu wote huanza na baiskeli. Wameiona mtandaoni, tairi kama limeazimwa kwenye pikipiki, mtu anapanda tuta la mchanga huku anacheka, nao wanataka kuambiwa ipi ni nzuri. Kwa kuanzia huko mtu hununua kitu kizito, cha bei, ambacho baada ya miezi miwili kinakaa kwenye veranda kikishikilia nguo za kuanikwa.

Kwa desturi ya watengenezaji, tairi huanza kuitwa nene likifika upana wa inchi 3.8, na mengi yako kati ya inchi 4 na 5. Baiskeli ya kawaida ya milimani huvaa inchi 2.2 hadi 2.6. Lakini unene peke yake haufanyi chochote. Lijaze tairi la inchi 4 mpaka liwe gumu kama jiwe, kisha liingize kwenye mchanga mkavu, nalo litachimba kama mengine. Ukinunua baiskeli hii, unachonunua hasa ni ruhusa ya kutoa upepo.

Kiberiti na kiganja

Chukua mwendeshaji, baiskeli na begi la mgongoni, jumla kilo 100. Uzito huo hubebwa na upepo uliomo ndani ya matairi mawili, kupitia kile kipande cha mpira kinachogusa chini. Presha ikiwa kubwa, kipande kidogo kinatosha. Presha ikiwa ndogo, tairi hubonyea mpaka kipande kiwe kikubwa cha kutosha kuubeba mzigo. Kwa psi 30, sawa na kilo 2 na kidogo kwa kila sentimita ya mraba, kilo 100 zinahitaji takriban sentimita za mraba 47, yaani 24 hivi kwa kila tairi: kiberiti kimoja na ushee. Kwa psi 5 zinahitaji karibu 285, au 140 na kitu kwa kila tairi. Hicho ni kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ugumu wa mpira huipotosha hesabu hii kidogo, ila tofauti ya kiberiti na kiganja inabaki palepale.

Mgeni aliyekuja kwenye harusi ya ufukweni na viatu vya visigino virefu anaijua hesabu hii bila kalamu. Ngamia naye anaijua. Unyayo wake ni mto mpana ulio laini, hutanuka kila anapokanyaga, ilhali kwato ya punda ni ndogo na ngumu na huzama.

Basi kwa nini usitoe tu upepo kwenye baiskeli uliyonayo? Jaribu, utasikia jibu kwenye jiwe la kwanza. Tairi jembamba lina upepo mchache ndani na kimo kifupi, hivyo likilegea rimu hugonga chini, tyubu hubanwa katikati na kutoboka matundu mawili pacha ambayo kila fundi wa baiskeli anayafahamu. Tairi la inchi 4 au 5 lina kina. Unaweza kulilegeza mpaka vidole viwili vikalibonyeza bila shida, na bado kuna mpira wa kutosha kati ya rimu na mzizi wa mti.

Rimu nayo lazima iwe pana, kwa sababu tairi pana kwenye rimu nyembamba hukaa kama puto lililoshikwa shingoni: likilegea linayumba na kukunjika ukikata kona. Kwa tairi la inchi 4, rimu za milimita 65 hadi 80 zinafaa. Kwa inchi 4.8 hadi 5, milimita 80 hadi 100. Muuzaji akikutajia upana wa tairi bila upana wa rimu, amekutajia nusu ya baiskeli.

Waliotoka barafuni na waliotoka jangwani

Baiskeli hii ilizaliwa kwenye mikono ya watu waliochoka kusukuma. Mwaka 1987 huko Alaska yalifanyika mashindano ya Iditabike, baiskeli kwenye njia ya theluji ya Iditarod, ile inayojulikana kwa magari ya kuvutwa na mbwa. Tairi za wakati ule zilikuwa nyembamba na theluji haikuwa na huruma. Mafundi wakaanza ubunifu wa gereji: rimu mbili zikachomelewa pamoja ziwe gurudumu moja pana, matairi yakapangwa ubavu kwa ubavu. Simon Rakower wa Fairbanks akatengeneza rimu ya milimita 44, iliyoitwa SnowCat, ambayo leo ungeiona ya kawaida kabisa lakini wakati huo ilikuwa habari kubwa.

Mbali kusini, kwenye majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na Mexico, Ray Molina alikuwa akihangaika na mchanga. Yeye aliagiza rimu za milimita 82 na matairi ya inchi 3.5 ili apite juu ya matuta. Watu wa theluji na watu wa mchanga walipokutana wakagundua kwamba wanatafuta kitu kimoja. Mark Gronewald wa Alaska alichukua rimu na matairi ya Molina akayajengea fremu za theluji, na mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Minnesota ikatoa Pugsley, baiskeli ya kwanza ya aina hii ambayo mtu wa kawaida aliweza kuiagiza kwenye duka la mtaani kwake. Ilikuwa ya chuma, rimu milimita 65, tairi inchi 3.7.

Pugsley ilikuwa na jambo moja ninalolipenda mno. Habu zake za mbele na nyuma, yaani vitovu vya magurudumu, zilikuwa na upana uleule, milimita 135, kwa hiyo magurudumu yaliweza kubadilishana nafasi. Mtu anayeingia porini Alaska aliweza kuweka mbele gurudumu lenye gia yake moja, na la nyuma likiganda kwa baridi akayageuza na kuendelea na safari. Akiba imebebwa ndani ya baiskeli yenyewe.

Theluji haina aina moja

Majira ya baridi yangu ya kwanza Minneapolis niliamini theluji ni theluji. Sasa najua kwamba kwa mwendeshaji kuna angalau nne, na baiskeli ya matairi manene inazipenda mbili tu.

Inayoipenda zaidi ni ile iliyoshindiliwa, iwe na mashine ya kutengeneza njia, iwe na pikipiki za theluji au na miguu ya watu wengi. Hapo tairi la inchi 4 kwa psi 6 hadi 8 linapita kwa raha. Ya pili ni theluji ya zamani yenye ganda gumu juu, mradi ganda likubebe. Theluji mpya iliyoanguka usiku, kavu na yenye kina, ndiyo inayowavunja moyo wanunuzi. Picha za matangazo humwonyesha mtu akiipasua huku vumbi jeupe linaruka. Katika maisha halisi, ikishapita kifundo cha mguu utapiga pedali kwa dakika chache, gurudumu la nyuma litazunguka bure, kisha utashuka. Tairi la inchi 5 kwa psi 3 litakufikisha mbele kidogo kuliko la inchi 4, halitakupa mabawa. Hata kwenye safari ndefu za Iditarod, zile za maili 350 hadi McGrath au maili 1,000 hadi Nome, waendeshaji hodari husukuma kwa saa nyingi, na wapo waliosukuma siku nzima.

Ya nne ni barafu. Hapa pana kosa linaloumiza watu mbavu. Barafu haijali upana wa tairi, haina pa kushikwa. Kinachosaidia ni njumu, vichwa vidogo vya chuma kigumu cha tungsten kabaidi vilivyopachikwa kwenye mpira kwa mamia, kama viatu vya mpira wa miguu. Tairi la namna hiyo ni ghali, mara nyingi zaidi ya dola 200 moja. Ukiishi mahali ambapo theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, yaani sehemu kubwa ya miji, baiskeli nyembamba yenye njumu itakufaa kuliko nene isiyo nazo. Wenzetu walioko Ulaya, ambako majira ya baridi ni tope na vipande vya barafu kuliko theluji ya kina, waisome sentensi hiyo mara mbili.

Halafu kuna mchezo wa presha na baridi. Mara ya kwanza nilijaza matairi sebuleni, joto nyuzi 20, kipimo kikasoma psi 8. Nikatoka nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na baada ya nusu saa nikahisi kama kuna pancha pande zote mbili. Hapakuwa na pancha. Upepo ukipoa husinyaa, na hesabu yake hufanywa pamoja na presha ya hewa inayotuzunguka, psi 14.7 kwenye usawa wa bahari. Jumla ya 22.7 hushuka hadi 19.6 hivi, ukitoa zile 14.7 unabaki na psi 5. Tairi la gari haliumii sana na jambo hili kwa sababu lina presha kubwa. Tairi letu linaloishi kwenye psi chache hupoteza zaidi ya theluthi. Dawa ni kuiacha baiskeli nje au kwenye gereji ipoe kwanza, ndipo uipime.

Na uipime kwa kipimo chake. Kile cha pampu ya kawaida, kinachofika psi 120, hakijui kutofautisha 4 na 7, ilhali kwenye theluji tofauti hiyo ndiyo kuendesha au kutembea. Vipo vipimo vidogo vinavyoishia psi 15. Kwa pesa iliyotumika, sijawahi kununua kitu cha baiskeli chenye faida kuliko hicho.

Baridi huchagua vifaa pia. Breki za mafuta zinazotumia mafuta ya aina ya DOT, ya jamii ileile ya breki za magari, huvumilia baridi kali kuliko zinazotumia mafuta ya madini, ambayo huwa mazito na kuzifanya breki zirudi polepole. Breki za waya bado zina wapenzi wengi Alaska, kwa kuwa hutengenezeka kwa koleo hata ukiwa umevaa glavu. Kile kifaa ndani ya habu ya nyuma kinacholia tik-tik-tik ukiacha kukanyaga pedali kikipakwa grisi nzito huganda, meno yake hayashiki, na pedali huzunguka bure. Mwambie fundi atumie mafuta mepesi ya baridi. Kuhusu foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ikiwa na springi ya upepo, mimi naiona ni uzito na pesa kwa mtu wa theluji. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri mafuta yake huwa kama uji uliolala, na theluji iliyoshindiliwa haina matuta ya kuhitaji springi.

Mikono hulindwa na mifuko mikubwa inayofungwa kwenye usukani, ndani yake ukavaa glavu nyepesi tu. Waalaska huiita poji. Ina sura mbaya, na hutaiacha.

Jambo la adabu kabla ya kuiacha theluji. Njia zilizoshindiliwa mara nyingi zimetengenezwa na wanachama wa klabu kwa pesa na usiku wao. Klabu nyingi Marekani zina kanuni: tairi lisipungue inchi 3.8, na ukiona unaacha mfereji wa zaidi ya inchi moja, rudi nyumbani, njia bado laini. Mifereji miwili sambamba ya watu wa kuteleza kwa mbao haikanyagwi kabisa.

Mchanga: mkavu, mbichi, na ule wa Bidiyah

Mchanga unafanana na theluji kwa kuwa nao huzamisha, kisha unaachana nayo kwa mengi. Hauyeyuki na haushindiliki ukakaa. Punje kavu hushikiliana kwa msuguano tu, ukizisukuma zinakimbia. Ukiweka maji kidogo, utando wa maji kati ya punje huzivuta pamoja na mchanga unakuwa mgumu. Ukizidisha maji punje huanza kuelea na ugumu unapotea tena. Ndiyo maana ufuo una ukanda wake mzuri, si ule mkavu wa juu wala ule wa ukingoni kabisa ambako wimbi bado linacheza, bali wa katikati, bahari ilipotoka muda si mrefu.

Kwa hiyo mtu wa Diani, Bagamoyo au Paje anayetaka kuendesha ufukweni ana jambo la kuangalia kabla ya duka: jedwali la maji kupwa na kujaa. Akiendesha saa za maji kupwa tu, baiskeli yoyote ya milimani yenye tairi la inchi 2.4 lililolegezwa kidogo itampeleka, na Phoenix ya babu vilevile. Baiskeli nene inaanza kulipa gharama yake pale anapotaka kupita wakati wowote, hata maji yakiwa yamejaa na ukanda mgumu umefunikwa.

Oman kuna somo jingine. Wanaokwenda kwenye matuta ya jangwa la Sharqiya husimama katika mji wa Bidiyah, kabla lami haijaisha, na kutoa upepo kwenye matairi ya gari, mpaka psi 15 au karibu na hapo. Ni fizikia ileile ya kiganja. Kwa baiskeli ukanda wa psi 4 hadi 8 ndio wa kazi, ukishuka zaidi kadiri mchanga unavyolainika. Matuta nayo yana pande mbili. Upande unaopigwa na upepo umelala na umeshindiliwa, huo unapandika. Upande wa pili, ambako mchanga humwagika wenyewe kwa mteremko wa nyuzi 30 na kitu, ni laini hadi goti; pale hushuka tu, na hata kushuka ni kwa dua. Alfajiri, umande ukiwa haujakauka, matuta hayohayo huwa magumu kuliko adhuhuri.

Mashina ya tairi, yale meno ya mpira, huwadanganya wengi. Kwenye theluji laini meno marefu yaliyotawanyika hushika. Kwenye mchanga hugeuka majembe, kila jino linachimba na kurusha. Tairi la mchanga linatakiwa kuwa na meno mafupi au kuwa karibu laini kabisa. Hili pekee linatosha kumaliza ndoto ya tairi moja la theluji, mchanga na mawe.

Adui mkubwa wa ufukweni ni chumvi. Fremu ya aluminiamu itakaa, lakini mnyororo, spoki, gololi za habu na boliti za breki huliwa kwa wiki chache ukizembea. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, bila kupiga maji ya presha kwenye habu kwa kuwa huingiza mchanga ndani, kausha, paka mafuta mnyororo. Usiingie majini. Najua picha hupendeza, lakini beringi za mhimili wa pedali hazipigi picha.

Mawe na mizizi

Hapa nitakuwa mfupi maana jibu langu si tamu. Ukiwa huna theluji wala mchanga, usinunue tairi nene.

Tairi lililolegea humeza mawe madogo na kushika mizizi vizuri ajabu, hilo ni kweli, na kwa mwendo wa taratibu kwenye njia mbovu ni starehe. Ila halina breki ya mdundo. Springi nzuri ya baiskeli ina mafuta ndani yanayolizuia gurudumu kuruka tena baada ya kubonyea, ilhali tairi la upepo hurudisha kila pigo kama mpira wa kikapu. Ukiongeza kasi unaanza kudunda. Ukiongeza upepo linadunda zaidi, ukipunguza linaanza kuuvuta usukani wenyewe kwenye kona za ardhi ngumu. Dirisha la presha nzuri, kati ya psi 8 na 15 kutegemea uzito wako, ni jembamba. Baiskeli ya magurudumu ya inchi 29, tairi 2.4 au 2.6, yenye springi mbele, itakuchosha kidogo na kukufikisha upesi. Anayetaka ulaini zaidi aangalie matairi ya inchi 2.8 hadi 3, nusu ya njia kati ya kawaida na nene. Matope ya mfinyanzi yasikudanganye pia: tairi pana huelea juu yake badala ya kuyakata, na kwenye utelezi mwembamba juu ya ardhi ngumu huko kuelea ni kuanguka.

Kisichobadilika

Tairi unaweza kubadilisha mwakani, rimu pia ukiwa na moyo. Fremu ndiyo ndoa.

Angalia kwanza nafasi kati ya mabomba ya nyuma. Fremu nyingi zilizotengenezwa kwa inchi 4 zina habu ya nyuma ya milimita 170 au 177, na zile zinazopokea hadi inchi 5 zina 190 au 197. Mbele, nyingi za sasa ni milimita 150. Kama theluji yako ni ya kweli au matuta ni ya kweli, chukua 197 hata kama leo unavaa tairi la inchi 4. Fremu pana hukubali tairi dogo, fremu nyembamba haikubali kubwa. Wapo wanaonunua seti ya pili ya magurudumu, inchi 29 zenye tairi la 2.6 au 3, wanazivaa kiangazi, na baiskeli moja inakuwa mbili. Ukijumlisha bei, hiyo ndiyo njia ya busara kwa mwenye majira manne na chumba kimoja.

Upana huo wa nyuma una gharama kwenye magoti. Ili mnyororo ulikwepe tairi, mhimili wa pedali hurefushwa, na umbali kati ya pedali na pedali hupita sentimita 20, wakati baiskeli ya kawaida ya milimani ni kama 17 au 18. Wengi huzoea wiki moja. Wenye nyonga nyembamba au goti lenye historia wengine hawazoei kabisa, na hili halijulikani kwa kuzunguka uwanja wa duka dakika tano. Azima au kodi ya mtu, panda saa mbili.

Gia zisiwe nyingi, ziwe nyepesi. Sahani moja ya mbele ya meno 28 au 30 na kaseti pana, yaani lile rundo la gia za nyuma, yenye sahani kubwa ya meno 46 au 51 inatosha. Kwenye mchanga hutatafuta kasi, utatafuta namna ya kuzungusha miguu bila kusimama, maana ukisimama kuanza tena ndiyo kazi.

Uzito: baiskeli nzuri ya aluminiamu ni kilo 14 hadi 16. Za bei rahisi za chuma, za maduka makubwa ya bidhaa zote, hupita kilo 18 kwa urahisi. Uzito wa fremu nausamehe. Wa magurudumu siusamehi, kwa sababu kila kukanyaga ni kuuzungusha upya. Tairi rahisi lina nyuzi chache na nene ndani yake, 27 au 30 kwa inchi, ni gumu na zito na halibonyei vizuri hata ukilitoa upepo, kwa hiyo ile ruhusa uliyoinunua hukuipata. Tairi la nyuzi 60 ni la kufaa, la 120 ni laini na jepesi lakini mawe makali hulikata ubavuni. Kutoa tyubu na kuweka utomvu wa kuziba matundu hupunguza karibu nusu kilo au zaidi kwa baiskeli nzima na kukuondolea hofu ya miiba. Hakikisha tu rimu na tairi vyote vimetengenezwa kwa kazi hiyo, kwani kwa presha ndogo namna hii kingo zisizoshikana vizuri huachia njiani.

Kuhusu zenye umeme, sokoni zimejaa na jina ni lilelile kwa vitu viwili tofauti. Huko Uholanzi ukisema "fatbike" leo watu hufikiria baiskeli za umeme za magurudumu ya inchi 20 wanazopanda vijana mjini, siyo chombo cha theluji. Gurudumu dogo huanguka kwenye kila shimo na huzama mapema. Kwa mchanga na theluji tafuta magurudumu ya inchi 26 au 27.5 na mota iliyoko kwenye pedali, kwa sababu hiyo hutumia gia kupanda polepole bila kuchimba. Katika Umoja wa Ulaya msaada wa mota ukizidi wati 250 au kilomita 25 kwa saa, kisheria si baiskeli tena, na bima yako italijua hilo siku ya ajali. Betri ya lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi, ilale ndani, na usiichaji ikiwa bado chini ya sifuri.

Ukifika dukani, binya tairi kabla ya kupanda. Utalikuta gumu, mara nyingi psi 20 au zaidi, kwa sababu likiwa gumu huvutia macho na baiskeli hukimbia vizuri kwenye vigae. Mwombe muuzaji atoe upepo hadi psi 8, umpe kipimo chako kama hana cha kwake, kisha itoe nje, uipandishe kwenye ukingo wa barabara na uishushe kwenye majani. Akikataa kutoa upepo, mrudishie baiskeli yake.